Mlangoni kwa Diwani

Wanangu wa Ruanda, na ninyi wa Iyula mnaoshuka hapa kutafuta magari ya Mlowo na Tunduma, kaeni kidogo tuongee. Sina ugomvi na mtu. Nimewaona madiwani wakija na kuondoka tangu halmashauri ziliporudishwa mwaka 1984, baada ya serikali kuzifuta mwaka 1972 na mambo yote ya wilaya kuamriwa na maofisa tusiowachagua. Sura zimebadilika, vyama vimeongezeka, pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli. Jambo moja liko palepale. Diwani akishaapishwa, kesho yake kabla jogoo hajamaliza kuwika, kuna watu mlangoni.

Mmoja ana mgonjwa wa kupeleka Vwawa na hana nauli. Mwingine ana kadi ya mchango wa harusi, na jina la mheshimiwa limeshaandikwa juu. Wa tatu amefiwa, na huyo hana wa kumlaumu, msiba hauna miadi. Yuko kijana wa bodaboda anayetaka hela ya mafuta, yuko mama wa kwaya aliyefuata sare. Diwani anaingia ndani, na waliobaki kwenye benchi wanamsikia mkewe akiuliza kwa sauti ya chini kama na ile hela ya mbolea inaguswa. Inaguswa.

Siwalaumu mnaogonga. Mwenye shida hachagui mlango. Na diwani naye ni mtu, anapenda kusikia njiani kwamba ana mkono mwepesi. Ila hebu ifuateni hiyo hela mjue inakoishia. Diwani anaishi kwa posho na shamba lake kama sisi. Posho inaisha, hodi haziishi, anaanza kukopa. Halafu siku inafika ya kujenga darasa, fedha zimeingia kwenye akaunti ya shule, fundi anatafutwa hapahapa kijijini, na fundi anayepatikana ni yule anayemdai mheshimiwa. Simenti mfuko mmoja inakorogwa na mchanga ambao hakuna aliyehesabu ndoo zake. Ikifika muhula wa pili sakafu imeshaanza kumeguka, watoto wanaandika kwenye vumbi, na mwalimu amesogeza madawati ukutani kukwepa shimo.

Lakini kamati ya kupokea vifaa si ni ninyi wenyewe? Ndiyo, na hapo ndipo panaponiuma. Yule mjumbe aliyetakiwa kuhesabu mifuko ndiye aliyepewa nauli ya Vwawa mwezi uliopita, na jirani yake alinunuliwa jeneza la mama yake. Watasimamaje mbele za watu kuuliza? Si waoga hao, wanangu, wala si wezi. Wana shukrani tu. Kinywa kilicholishwa kinaona haya kuuliza, na hata mimi nisingependa kijiji chenye watu wasioona haya. Kwa hiyo dawa si kuwageuza watu wawe wakavu wa macho. Dawa ni kuacha kumfanya diwani mfuko wa mtu mmojammoja, ili siku ya kumuuliza la wote midomo iwe huru.

Mahali pa kuuliza pamewekwa tayari. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe kwa sauti. Mwenyekiti anatangaza, siku inafika, wanakuja wazee na kina mama wachache wenye ndoo zao. Mnasubiriana mpaka jua linageuka. Akidi haijatimia, mkutano unaahirishwa. Kumbe Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imesema halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila mkutano huo kuridhia. Mkiukimbia mkutano, mnaacha na hilo bonde la maharage bila mlinzi. Mtakuja kushtuka mgeni anapima mipaka kwa kamba, na muhtasari upo, una mhuri.

Kumtuma diwani kwenye Baraza la Madiwani bila kumwambia tunachotaka ni sawa na kumpa mtoto hela aende gulioni bila kumtajia cha kununua. Atarudi na pipi, tena atakuwa amefurahi.

Kisha tunamwandama kwa yasiyo yake. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA tangu mwaka 2019. Barabara zetu za udongo zilihamia TARURA mwaka 2017, na ile lami ya kwenda Tunduma ni ya TANROADS. Diwani anaweza kuwabana wahandisi, na anapaswa kuwabana, lakini mfuko wa fedha na greda haviko mkononi mwake. Wakati wa kampeni alisema atatuletea maji, tukapiga vigelegele. Tulijua, naye alijua. Miaka mitano baadaye tunamtoa kwa hasira, tunamweka mwingine aliyesema hivyohivyo, na bomba bado linakohoa hewa.

Tungemuuliza yaliyo mkononi mwake angetoka jasho la haki. Baraza ndilo linalotunga sheria ndogo. Kila msimu wa mahindi na viazi tunalia na lumbesa, gunia linajazwa, linashonewa kilemba juu, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza. Je, geti la ushuru linayakagua magunia, au linakusanya hela tu na kuinua kizuizi? Na huo ushuru, tangu mwaka 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara kama kahawa yetu, asilimia 2 kwa ya chakula. Kati ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 10 ni ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Yule mama wa kwaya aliyefuata sare angeweza kuuliza kikundi chake kinakwama wapi kwenye mkopo huo, na jibu lingewafaa wenzake wote.

Nawe mwanangu diwani, nisikilize. Mgonjwa akifika kwako na una nauli, mpe. Huo ni ujirani, usiuache kwa sababu umechaguliwa. Ila usimpe mbele za watu, na usiukumbushe siku ya kura. Usiyoyaweza sema huyawezi, na taja ofisi inayoyaweza. Ile taarifa ya kata unayokwenda kuisoma barazani Vwawa, tusomee kwanza sisi. Kamati ya Maendeleo ya Kata unaiongoza wewe, na wenyeviti wa vijiji wamo. Wakikwambia kitu kichungu, kiandikwe vilevile kilivyosemwa. Nawajua vijana wazuri walioingia kwenye kazi hii na mashamba ya kahawa wakatoka na madeni. Sitaki uwe mmoja wao.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mipango yake inaandikwa miezi mingi kabla, kuanzia vitongojini. Anayekuja kuomba Juni anakuta sufuria limeshaoshwa. Kwa hiyo mkutano ujao njooni mapema, kila mtu na kiti chake, na vijana wa bodaboda waegeshe kwa saa mbili. Muulizeni diwani kwanza habari za lile boma la darasa tulilolijenga kwa nguvu zetu likaishia kwenye lenta, maana mvua hazilisubiri: limo kwenye bajeti au halimo? Kama halimo, ataje kikao atakakolipeleka, katibu aandike. Habari za nauli na harusi mtaongea naye njiani, mkirudi nyumbani.