Tumbo Likiuma: Ni Nani, au Ni Nini?



Katika vijiji vyetu vya kando ya Bunia, mtu akishikwa na tumbo ghafula, mara nyingi wazee hukutana usiku na kuuliza: "Ni nani aliyemtenda hivi?" Swali hilo laonekana la busara, maana kila jambo lina chanzo chake. Lakini je, Mkristo ana ruhusa ya kuanza na swali hilo? Nasema hana, na sababu ni hizi.

Kwanza tumtazame daktari hospitalini. Yeye haulizi "nani", huuliza "nini". Maumivu yalianza wapi, yakahamia wapi? Umetapika? Umepata choo? Kisha huweka mkono tumboni polepole, akianzia mahali pasipouma. Maumivu yaliyoanza kitovuni yakashuka upande wa kuume humfanya afikiri kidole tumbo, ambacho wengi hukiita apendisiti. Ngiri iliyozoea kurudi ndani, na leo imekaza na kuuma, yamwonyesha kwamba utumbo umenaswa. Tumbo gumu kama ubao, baada ya siku nyingi za homa, huenda ni utumbo uliotobolewa na tifoidi. Hapo humkataza mgonjwa chakula, humtilia maji na dawa kwa mshipa, na mara nyingi humpasua. Tena hufanya haraka, kwa kuwa utumbo uliokosa damu waweza kufa kwa saa chache tu.

Sasa basi, atafutaye mlozi hukosa mara tatu. Akienda kwa mpiga ramli, amevunja amri ya kwanza. Akimtaja jirani bila ushahidi, amevunja ya nane. Na mgonjwa akifa nyumbani huku wao wakibishana, na njia ya hospitali ilikuwapo, wameikosea amri ya tano. Tusidhani ni mambo madogo. Mwezi wa Juni 2001, huko Aru, katika Ituri yetu hii, mamia ya watu waliuawa kwa kushtakiwa ulozi. Daktari, akisema "ni ngiri", hamtibu mgonjwa peke yake. Amemwokoa pia mjane wa jirani aliyekwisha kunyoshewa kidole.

Wengine husema: "Kupasuliwa ni kukosa imani." Sivyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha kwamba mganga ameumbwa na Mungu, na kwamba mgonjwa asali, tena ampe mganga nafasi yake. Sala na kisu havigombani. Naye Baba Mtakatifu Pius XII alifundisha mwaka 1957 kwamba yatupasa kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, wala hatulazimishwi kubeba mzigo uzidio kiasi. Basi maskini asihukumiwe kwa fedha asizo nazo. Sisi jirani zake ndio tutakaoulizwa kama tulimbeba.

Mwingine atasema: "Hata hospitalini watu hufa." Ni kweli, daktari si Mungu. Lakini afaye huko amekufa akipendwa, wala hakuna jirani aliyetiwa doa kwa kifo chake.

Kwa hiyo shikeni haya. Tumbo likiuma kwa nguvu bila kutulia, au likiwa gumu, au mgonjwa akitapika wala hapati choo, msingoje baraza la ukoo. Msimpe chakula, wala dawa ya kuharisha, wala maji ya majani kwa njia ya nyuma. Mchukueni kwa machela au kwa pikipiki. Kama mmekwisha kumpa dawa yo yote, mwambieni mwuguzi bila aibu, maana ukweli huo nao ni tiba. Aliyebatizwa aitiwe padri ampe Mpako wa Wagonjwa. Mkatekumeni aliye katika hatari ya kufa aombewe Ubatizo.

Nanyi mnaojiandaa kwa maji hayo matakatifu, usiku ule wazee watakapouliza "Ni nani?", mmoja wenu asimame kwa heshima na kusema: "Wazee wangu, tumbebe kwanza."