Je, Vita Ile Ilikuwa ya Haki?

Wako wazee hapa Bariadi waukumbukao vema mwaka 1978, wilaya yao ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, na vita ikawaka Kagera. Yatupasa kujiuliza: je, tulitenda haki?

Kanisa lafundisha kwamba vita ya kujilinda ni halali pale tu dhara ni kubwa na la hakika, njia nyingine zimeshindikana, tumaini la kushinda lipo, wala silaha hazileti uovu kuupita ule unaoondolewa. Idi Amin aliiteka nchi yetu hadi mto Kagera. Watu wakauawa, mifugo ikanyang'anywa. Kujilinda kulikuwa haki, hatuna shaka.

Lakini haki ya kuingia vitani haihalalishi kila litendwalo vitani. Februari 1979 majeshi yetu yaliiteka Masaka, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa kwa kulipiza kisasi. Wenye nyumba zile hawakuwa Amin.

Basi tuwaombee marehemu wa pande zote mbili. Nanyi wazazi, mnapowasimulia watoto ushindi wetu, msiifiche Masaka. Taifa nalo lina dhamiri, na toba huanza kwa kusema kweli.