Saba Mara Sabini, Kosa Moja

Petro alimwuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, na jibu alilopewa tunalijua tangu shule ya Jumapili: saba mara sabini. Wahubiri wengi hulieleza kama hesabu ya makosa mengi: ndugu yako akukosee leo, kesho akukosee tena, nawe uendelee kusamehe. Shosho yangu, yaani bibi yangu mzaa baba, mkulima wa chai wa Kangema aliyeishi zaidi ya miaka tisini, alilisoma vingine. Kwake kosa lilikuwa moja, na hilo moja ndilo lililohitaji kusamehewa saba mara sabini. Kadiri ninavyokua ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba yeye ndiye aliyelielewa.

Alizaliwa mwaka wa Muthirigu, wimbo ulioenea Ugikuyuni 1929 wamisheni walipogombana na wazazi kuhusu tohara ya wasichana. Alibatizwa Weithaga, kwenye misheni ya Waanglikana. Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda uliingia Kenya 1937, ukashika mizizi Weithaga na Kahuhia, na yeye na guka, mumewe, wakaokoka wangali vijana. Waliookoka walikuwa na desturi ya kuweka mambo nuruni. Mtu husimama mbele ya wenzake, akaitaja dhambi yake waziwazi, akarudisha alichoiba, kisha wote wakaimba Tukutendereza.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Waliookoka wengi walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Yesu na hawawezi kunywa ya mbuzi. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali, na hivyo wakashukiwa na pande zote mbili. Guka aliuawa usiku mmoja mwaka 1953, baba yangu akiwa bado ananyonya. Aliyewaonyesha wauaji mlango alikuwa jirani. Shosho aliitambua sauti yake.

Mwaka uliofuata shosho alihamishwa pamoja na watu wote wa mtaa wetu hadi kijiji kilichozungushiwa handaki lenye vigingi vilivyochongoka, akachimba huku mtoto yuko mgongoni. Jirani naye alikamatwa akapelekwa kizuizini Manyani. Aliporudi mguu wake mmoja haukukunjika tena. Mashamba yalipounganishwa na kupimwa upya, vipande vyao viliangukia mpaka mmoja. Wote wawili wakapanda chai, na tangu mamlaka ya chai, KTDA, ilipoanzishwa 1964 wakawa wanapeleka majani kituo kimoja, mbele ya karani mmoja na mizani moja.

Hapo kituoni ndipo imani ya shosho ilipopimwa. Kikapu cha majani mabichi ni kizito, na ndoano ya mizani iko juu. Jirani, na mguu wake ule, alikuwa akimnyanyulia. Hakusema neno juu ya usiku ule, wala shosho hakumwuliza. Alisema “asante,” akapokea risiti yake kwa vidole vilivyoingia weusi wa utomvu wa chai, akarudi nyumbani. Siku nyingine hakuweza kula.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume wa baba, kwa hiyo nilipewa jina la guka, na kwa desturi yetu shosho aliniita “mume wangu.” Nilipokuwa kijana nilimwuliza, “Shosho, yule mzee ulimsamehe lini?”

“Mume wangu,” alinijibu, “nilimsamehe Jumanne. Alhamisi nikamkuta kituoni, nikaona bado sijamsamehe. Nikaanza tena. Chai huichumi mara moja ukasema umemaliza. Ukiiacha inakuwa mti.”

Nadhani hapo ndipo mafundisho yetu mengi juu ya msamaha yanapokosea. Tunauhesabu kuwa tukio lenye tarehe: mtu alilia kanisani, akasema nimesamehe, yakaisha. Uchungu ukirudi, aliyefiwa anadhani amemdanganya Mungu, na mchungaji humwambia aombe zaidi. Shosho hakuona kurudi kwa uchungu kuwa ni kushindwa. Aliona ni zamu nyingine ya kazi ileile. Guka alipewa usiku mmoja wa kushinda, na kanisa kuu la Murang'a lilijengwa kuwakumbuka watu kama yeye. Elimo Njau alichora humo mwaka 1959 maisha ya Yesu Mwafrika katikati ya vilima vyetu. Lakini mjane wa shahidi ilimpasa ashinde kila wiki kwa zaidi ya miaka arobaini. Nikiulizwa kwa nini Mungu humpa mtu maisha marefu namna ile, hilo ndilo jibu ninaloweza kulitetea: kuna utiifu usiotimia kwa muda mfupi.

Wapo wanaosema asiyetubu hasamehewi. Uamsho wenyewe ulisisitiza kuungama, na hoja hiyo shosho aliijua vizuri. Aliijibu kwa kutenganisha mambo mawili. Kupatana ni kwa watu wawili, na jirani hakufungua kinywa chake. Kusamehe mtu anaweza kukuanza peke yake. “Hatujapatana,” aliniambia. “Mimi nimesamehe.” Jumapili walipiga magoti kwenye Meza ya Bwana na kunywea kikombe kimoja, na hata hapo hakujifanya kwamba wamepatana.

Wengine husema, kwa hasira ninayoielewa, kwamba msamaha ni dawa ya kuwatuliza wanyonge ili haki isidaiwe. Wangemwona shosho wakati majina ya walioteswa kizuizini yalipokuwa yakikusanywa kwa madai ya fidia. Jirani alikuwa mzee sana, na ni wachache waliobaki hai walioujua mguu wake kabla ya Manyani. Shosho alikwenda akasema aliyoyajua: mtu huyu aliondoka akitembea sawasawa. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa kwa ajili ya Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Mwanamke aliyeshikwa na chuki asingeweza kutoa ushahidi ule. Aliyejidanganya kwamba hakuna kilichotokea asingeuona umuhimu wake.

Alijua pia kwamba wakoloni waliinyang'anya ardhi kweli, na kuwaua waliowapinga. Weithaga alikobatizwa ndiko kwao Muthoni Nyanjiru, aliyepigwa risasi Nairobi Machi 1922 akidai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe. Madai ya ardhi aliyoyapigania jirani yalikuwa ya haki, na alichofanya mlangoni petu kilikuwa dhambi. Shosho hakuruhusu moja lifute jingine.

Kwa hiyo kila baada ya machafuko, kama yale ya baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, nikisikia viongozi wakiwahimiza waliofiwa wasamehe na kusahau, ninawaza kwamba wasemao hivyo hawajawahi kusamehe jambo zito. Shosho hakusahau hata sauti. Kanisa lingewatendea wajane wema zaidi kama lingeacha kuwadai tarehe, likawaambia kwamba anayeanza tena Alhamisi baada ya kusamehe Jumanne hajarudi nyuma. Analitii lile jibu alilopewa Petro, na huenda likamchukua umri wake wote.