Kipya Kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Usemi huu hunijia kila nikumbukapo mchezo wa chemsha bongo wa Marekani ulioitwa Who Wants to Be a Millionaire. Ulianza katika televisheni ya ABC mwezi Agosti 1999, ukiongozwa na Regis Philbin. Novemba mwaka huo John Carpenter alishinda dola 1,000,000. Alipofikia swali la mwisho aliomba kumpigia simu baba yake. Si kumwuliza jibu, bali kumwarifu kwamba anakaribia kushinda.

Wenye mchezo wakadhani wamechimba kisima kisichokauka. Wakauonyesha hadi jioni nne kwa juma. Watazamaji walipopungua, wakaongeza zawadi. Mwaka 2001 mshindi mmoja aliondoka na dola 2,180,000. Haikufaa kitu. Mwaka 2002 mchezo ukaondolewa katika ratiba ya jioni.

Wengi husema uliponzwa na kuonyeshwa mno. Sikatai, lakini hoja hiyo haitoshi. Jeopardy! huonyeshwa siku tano kwa juma tangu mwaka 1984, na watu hawajauchoka. Ugali huliwa kila siku; pilau ya kila siku hukinaisha. Jeopardy! humpa mtazamaji maswali mengi, upesi upesi, naye hushindana akiwa kitini pake. Ule mwingine ulimpa maswali machache na hofu nyingi: taa zikififia, muziki ukitisha, mtu akitetemeka mbele ya fedha. Na hofu ya mwenzako huzoeleka upesi.

Katika miaka yangu ya kuwalea walimu niliwaambia hivi: ukimpa mtoto peremende kwa kila jibu, ataulizia peremende, si somo. Siku ukimpa mbili, umemfundisha kwamba moja ni haba.

Basi, msomaji, liko swali la uadilifu hapa. Je, anayetuburudisha ana haki ya kuichota hamu yetu mpaka iishe, kwa kuwa sisi wenyewe tumempa? Naona hana. Hamu ya watu ni amana. Anayeipokea hudaiwa kiasi. Lakini nasi tutazamao hatukosi deni. Tujiulize tunakaa mbele ya televisheni ili tujue jambo, au ili tumwone mwenzetu akiporomoka. Aliyekuja kwa ajili ya kujua atarudi kesho. Aliyekuja kwa ajili ya maporomoko atataka kesho yawe makubwa zaidi, na hakuna kituo kitakachomtosheleza.