Mbio za Yezreeli
Somo: 1 Wafalme 18:46 hadi 19:8

Alfajiri kule Ngaramtoni, Mlima Meru ukiwa bado mweusi, unasikia viatu kwanza, kisha pumzi, ndipo wakimbiaji wanakupita bila neno. Kuna siku wenyewe husema mwili umefunguka: miguu haina uzito, saa inasahaulika. Wanasaikolojia huiita hali hiyo mtiririko. Mwandishi wa Wafalme anasema mkono wa Bwana ulikuwa juu ya Eliya. Mvua inakuja baada ya ukame, Ahabu yumo garini, na nabii anajikaza kiuno na kulitangulia gari la mfalme hadi Yezreeli.

Namkumbuka Filbert Bayi, kijana wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, alitoka mbele tangu mlio wa bastola katika mita 1,500, akabaki mbele hadi utepe. Dakika 3, sekunde 32.2: rekodi ya dunia. John Walker aliyemfuata naye aliipita rekodi ya zamani, na bado hakumfikia.

Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingine za Afrika, ilisusia Olimpiki ya Montreal. Walker akachukua dhahabu, Bayi hakukimbia. Mwaka 1980 kule Moscow, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, aliongoza tena kama kawaida yake, akapitwa mzunguko wa mwisho. Fedha.

Na kwa Eliya, sisi wahubiri tunapenda kuishia Mlima Karmeli, moto ukishuka. Lakini geuza ukurasa. Mtu yule yule, miguu ile ile, amelala chini ya mretemu anaomba afe. Malkia Yezebeli ametuma vitisho, na ule wepesi umekwisha. Malaika anafanya nini? Hamkemei. Hamuulizi zile mbio zimekwenda wapi. Anamgusa, pale kichwani pana mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena, maana safari ni ndefu. Kisha siku 40 hadi Horebu, na safari hii hatuambiwi kwamba alikimbia. Alikwenda tu, kwa nguvu za chakula kile.

Ndugu yangu, kama wiki hii sala imekuwa nzito na mguu hauinuki, usijipime kwa Yezreeli. Kula ulichowekewa, ulale. Ukiguswa mara ya pili, amka ule tena.