Ubongo Uoteshwao Maabarani



Sisi wa Maramba hatuna haja ya kuelezwa degedege ni nini. Wengi wetu tumebeba mtoto aliyekaza meno na kugeuza macho, na wengine tukaenda kwanza kwa mganga, maana tuliambiwa akichomwa sindano atakufa. Degedege huletwa na mambo mengi, lakini lililo baya ni malaria iliyopanda kichwani, pale chembe za damu zenye vijidudu zinaponasa katika mishipa myembamba ya ubongo.

Huko Barcelona, Hispania, wataalamu wanaitengeneza mishipa hiyo maabarani. Hutumia kolajeni, kitu kilekile kinachofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Hufanya vijia ndani yake, wakapanda seli za binadamu, kisha wakapitisha chembe za damu zenye malaria. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2013, mjini Vienna, Madeline Lancaster, Juergen Knoblich na wenzao walitangaza kwamba wameotesha vipande vya ubongo wa binadamu, vidogo kama choroko, vikilelewa ndani ya ute. Baadhi vilianzia ngozi ya mgonjwa ambaye ubongo wake haukukua sawasawa.

Je, ni halali? Wako wasemao huku ni kushindana na Muumba. Sisi hatuoni hivyo. Kipande kile hakina mama, hakiogopi, hakijui usiku wala mchana. Kikikuzwa hata kikaweza kuhisi maumivu, hapo tutasema mengine.

Tukumbuke ilivyokuwa. Kuuona ubongo uliougua malaria, ilibidi mtoto afe kwanza. Kule Blantyre, Malawi, wazazi waliofiwa waliombwa ruhusa mwili upasuliwe, na wako waliokubali. (Sijui nani kati yetu angeweza.) Hapa kwetu, watoto waliolazwa Hospitali Teule, Muheza, walikuwa miongoni mwa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika ambao kwao ilijulikana, mwaka 2010, kwamba artesuneti huokoa wengi kuliko kwinini. Sindano hiyo leo inawafaa watoto wa dunia nzima.

Basi kama choroko ile ya maabara itapunguza kujaribu mambo juu ya watoto, na ioteshwe. Lakini mbegu yake hutoka kwa mtu. Mwaka 1951, huko Marekani, madaktari walichukua seli za uvimbe wa Henrietta Lacks bila kumwomba ruhusa. Alifariki mwaka huohuo, na seli zake zingali zinakuzwa maabarani. Na mama aliyekesha wodini, akiletewa karatasi usiku atie dole gumba, je, amekubali, au ameogopa mwanawe asije akanyimwa dawa?

Tunasema aulizwe asubuhi, mtoto akiisha tulia, kwa Kisambaa au Kidigo kama ndiyo lugha yake, na aambiwe wazi kwamba akikataa mwanawe atatibiwa vilevile. Dripu haingoji, kipande cha ngozi kinaweza kungoja.