Zaka na Vyombo vya Kazi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeujaalia mchana uwe wakati wa kutafuta maisha; na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu, mwayajua yaliyotufika mwaka 2020 kwa maradhi ya korona. Tarehe 25 Machi ndege za wasafiri wa nchi za nje zilizuiliwa kuingia Kenya, wala hazikuruhusiwa tena hata Agosti mosi. Hoteli za Mombasa, Diani na Malindi zikafunga milango. Wakakosa kazi mpishi na dobi na mwenye mashua ya kutembeza wageni. Kisha dhiki ikamfikia mvuvi aliyewauzia samaki, na mama aliyewapikia mahamri. Wageni wamekwisha rudi, lakini si kila aliyeanguka ameinuka. Aliyeuza cherehani yake ili awalishe wanawe, hakurudishiwa cherehani kwa kutua ndege.

Nasi twawasaidiaje watu hawa? Ikifika Ramadhani, tajiri huvunja noti zake, na maskini wakajipanga mlangoni, kila mmoja akapewa shilingi mia. Mwenye zaka ya shilingi 25,000 huwagawia watu 250, wote wakanywa chai asubuhi moja. Mwaka wa pili nyuso ni zile zile, na safu imezidi urefu. Sisemi kuwa zaka hiyo haikusihi. Nasema haikumwondoa mtu katika umaskini.

Tazameni alivyofanya Mtume, rehema na amani zimshukie. Amepokea Anas bin Malik kwamba mtu katika Ansari alimjia akiomba. Akamwuliza ana nini nyumbani. Hakuwa na kitu ila nguo nzito ya kujifunika na kutandika, na bakuli la maji. Mtume akaviuza kwa mnada, dirhamu mbili: moja ya chakula cha watu wake, na moja ya shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia akate kuni, asimwone siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi.

Na katika madhehebu yetu, Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, amebainisha kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa kadiri ya kununua vyombo vya ufundi wake, vikiwa rahisi au ghali. Na mfanya biashara hupewa rasilmali inayomtosha mfano wake: muuza mboga kwa kadiri yake, na muuza johari kwa kadiri yake.

Huenda mtu akasema: "Zaka yangu ni ya kugawanywa kwa wengi, vipi nimpe mmoja?" Ni kweli, hiyo ndiyo asili ya madhehebu. Lakini Ibn Ujayl wa Yemen alitoa fatwa kuwa yajuzu zaka ya mtu mmoja kupewa mtu mmoja, na wanavyuoni wa baada yake wameinukuu. Basi matajiri kumi wa mtaa mmoja wakishauriana msikitini, wawatafute kwa siri mafundi kumi waliopotelewa na vyombo, kila mmoja amwinue wake.

Na asiyefikiwa na zaka, akopeshwe karadha njema. Tarehe 30 Novemba 2022 serikali ya Kenya ilifungua mfuko wa kuwakopesha wenye biashara ndogo, na juu ya deni ikawekwa ziada ya 8 kwa mia kwa mwaka. Muislamu anayeiogopa riba ataelekea wapi, ikiwa ndugu zake wamefunga mikono? Na akikopeshwa kisha akadhikika, tumeamrishwa tumngoje mpaka apate wasaa.

Nawe uliyepewa, jua kuwa ile ni amana. Usiile rasilmali katika harusi. Fanya kazi, ili mwaka mmoja nawe usimame upande wa watoaji.

Ewe Mola wetu, utuondolee ubakhili wa mikono na uvivu wa viungo, utujaalie riziki ya halali. Amin.